Siku Sita za Kuchagua Televisheni

Makambako, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje na baridi hii? Bibi anakohoa bado? Na Baba, mwaka huu tena anasema mgodi wa makaa ya mawe wa Mchuchuma unaanza, au safari hii amechoka kusema? Ulezi mmeshautoa shambani? Haya ndiyo ninayoyawaza kutwa nzima, kwa hiyo usinijibu kwa mkato.

Mwili wangu ni mzima. Nimenenepa, mashavu yamejaa, ukiniona utamshukuru Mungu. Barua hii naiandika kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme, na karatasi nimepewa na dada anayeuza hapa, jina lake Rehema. Usishangae kupata barua ya mkono siku hizi. Simu yangu mkweo anaichukua kila jioni, anasoma ujumbe mmoja mmoja, na nikikupigia anataka niweke spika. Siku ile uliponiambia, "Imelda, una friji, una sofa, maji yako ndani, sisi huku tunasaga ulezi kwa mikono, wewe unalia nini?" alikuwa amekaa pembeni yangu anatabasamu. Ningekujibu nini? Na kwa simu ya Rehema ningekupigia hata sasa hivi, lakini simu ya hapo nyumbani anaishika Baba, na nikisikia sauti ya Baba najijua, nitasema niko salama.

Mama, mkweo hanipigi. Hanywi pombe, hajanitukana hata siku moja. Ndiyo maana naona aibu kulalamika. Lakini tangu aliponirudisha huku baada ya Pasaka, kila asubuhi akienda kwenye biashara yake ya mbao anafunga geti kwa kufuli kwa nje, na ufunguo anao yeye. Anasema Makambako ni njia panda, wezi wanashuka kwenye kila basi. Sokoni anakwenda mwenyewe. Mchicha analeta yeye, na analeta uliochoka. Kanisani tunakwenda wawili, tunarudi wawili, na nikisimama kusalimiana na mtu ananigusa kiwiko. Nilipomwomba nirudi kufundisha chekechea, hata asubuhi tu, aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani unakosa nini humu ndani?" Nimefungiwa, Mama. Sina neno jingine.

Mwezi uliopita nikamwambia nina upweke. Alifikiri siku mbili, kisha akaja na dawa: tununue televisheni kubwa, na nichague mwenyewe. Nilikubali haraka kabla hajabadilisha mawazo, maana kuchagua kunafanyika dukani, na duka liko nje ya geti.

Siku ya kwanza alinileta hapa hapa kwa Rehema. Ukutani zimepangwa televisheni kama kumi na tano, zote zinaonyesha video moja: kasuku wanaruka, papai linakatwa, matone ya maji yanateleza kwenye jani. Mkweo alikuja na tepu yake ya kupimia mbao. Unacheka? Ndivyo alivyo. Alipima moja kutoka kona hadi kona, akapima nyingine, zote inchi arobaini na tatu, lakini bei zimeachana sana.

"Dada," akamwambia Rehema, "mbao ya futi kumi na mbili ni futi kumi na mbili hata uipeleke Dar. Hizi mbona zinalingana na bei hazilingani?"

"Hii ni Full HD, kaka, ile ni 4K. Zinatofautiana nukta."

"Nukta zipi?"

Rehema akaeleza, na mkweo hakuelewa. Unamjua mwanamume ambaye hajaelewa na hataki ijulikane: aliikunja tepu polepole, akasema hana haraka. Haogopi kitu duniani kama kuuziwa mbao yenye mafundo. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Wewe umesoma. Zikague hizo nukta, na usiniambie tu kwamba ni nzuri, niambie kwa nini." Tangu aniweke ndani hajawahi kunipa kazi yoyote inayotaka akili. Nilifurahi mpaka nikajionea huruma.

Siku ya pili aliniacha hapa asubuhi, akasema atanipitia saa saba. Nikajifunza kweli kweli, na nitakueleza uone mwanao bado ana kichwa. Chukua shamba letu la bondeni, eneo lile lile, halafu upande maharage mara tatu. Mara ya kwanza mistari mia saba na kidogo, hiyo ndiyo HD ya kawaida. Mara ya pili mistari elfu moja na themanini, hiyo Full HD. Mara ya tatu elfu mbili mia moja na sitini, hiyo ndiyo 4K. Na si mistari tu, ndani ya kila mstari punje nazo zinaongezeka, kwa hiyo 4K ina nukta mara nne ya Full HD. Shamba halijakua, punje ndizo zimebanana. Nilisogeza uso karibu na skrini, nikaona tofauti kabisa: kwenye HD ya kawaida bawa la kasuku lina ngazi ngazi pembeni, kwenye 4K limenyooka kama wembe.

"Sasa rudi nyuma," Rehema akaniambia.

Nikarudi hatua moja moja mpaka mlangoni. Nilipofika mlangoni, Full HD na 4K za inchi arobaini na tatu zikawa sawasawa, sikuweza kuzitenganisha.

"Umeona? Jicho nalo lina kikomo chake. Ukikaa mbali, nukta unazolipia huzioni. Na hiyo video imetengenezwa ya kuuzia. Ukichomeka king'amuzi chako nyumbani, picha inakuja ya kawaida, televisheni inaivuta tu ijae. Mimi nikiwaambia wateja hivi bosi ananuna, lakini wewe umekaa kama mwanafunzi, nakuonea haya kukudanganya."

Kwetu kutoka kwenye sofa hadi ukutani ni hatua sita. Naijua, kwa sababu ndiyo safari yangu ya kila siku. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya pili: inchi arobaini na tatu, Full HD, inatosha na inabaki. Mkweo alipokuja saa saba kuniuliza, nilimwambia, "Bado sijaelewa vizuri." Ni uongo, nitauungama kwa padre. Ningesema ukweli, kufuli lingerudi mahali pake kesho yake.

Basi nikaanza kuleta visa. Siku ya tatu nikasema lazima nizione mwanga wa jua ukiingia dukani. Kisha nikasema duka la Makambako ni dogo, mtu makini analinganisha na Njombe. Akakubali! Alikuwa na watu wa kiwanda cha mbao wa kuonana nao huko, akanipakia mbele kwenye lori lake la Fuso. Mama, sijui nikueleze vipi ile barabara. Nimeipita mara ngapi bila kuitazama? Misonobari pande zote, akina mama na ndoo zao za viazi, parachichi zimepangwa juu ya viroba, ukungu haujainuka. Njombe aliniacha dukani, na alipopotea tu nikatoka, nikaenda duka la pili, nikaenda la tatu. Televisheni nilizitazama kidogo. Nilitembea. Nilikunywa chai ya maziwa kibandani bila kumwambia mtu, na mama wa pale aliponisalimia kwa kilugha, "Kamwene" nikaitikia kwa sauti kubwa mpaka wateja wakageuka. Siku iliyofuata alikuwa na kazi huko huko, nikaomba turudi tena, nikisema nimesahau kuuliza jambo.

Siku ya sita nilijitayarisha na kisa kipya, lakini sikuwahi kukitoa. Alikuwa ameongea na mfanyabiashara mwenzake wa mbao, na huyo akamwambia kwamba yeye nyumbani kwake ana ya inchi hamsini na tano, 4K. Yote niliyosoma, hatua sita, nukta, king'amuzi, yakaishia hapo. Tulikuja hapa, akaonyesha kwa kidole, ikafungwa kwenye boksi, tukaondoka kabla chai ya Rehema haijapoa.

Sasa iko ukutani. Picha ya kwenye flashi tuliyopewa dukani ni nzuri sana, naona vinyweleo vya mguu wa nyuki. Taarifa ya habari kwenye king'amuzi ina ukungu, kama Rehema alivyosema. Jioni ya kwanza mkweo alikaa, akanyoosha miguu, akaniambia, "Haya, umepata. Hutahangaika tena kutoka." Alisema kwa furaha, Mama, kama mtu aliyefanya wema. Nami nikacheka naye. Kisha nikaingia jikoni, nikafungulia bomba ili asisikie, nikalia mpaka kifua kikaniuma.

Baada ya wiki nikaona nukta moja nyeusi, juu kushoto, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Ipo kweli, sikuitunga. Anayekaa mbele ya kioo kutwa nzima ndiye anayeiona. Mkweo aliikodolea macho, akasogea, akarudi, hakuiona, lakini neno "mbovu" lilimchoma. Ameuziwa mbao yenye fundo! Leo asubuhi ameipakia, akaniacha hapa na risiti na waranti nimwonyeshe fundi, naye atanipitia saa nane.

Rehema ameitazama. Akanifungulia kile kijitabu cha ndani ya boksi, akanionyesha palipoandikwa kwamba nukta moja si ubovu, haibadilishwi. Akakifunga. Akaniuliza, "Mdogo wangu, lakini wewe hasa unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu niolewe. Nilimwambia nataka kwenda kwetu. Nikalia mbele ya wateja, mmoja akadhani nimeibiwa.

Tumepanga hivi. Televisheni inabaki hapa. Mkweo ataambiwa fundi wa Njombe atakuja Jumamosi, na mimi lazima niwepo nimwonyeshe nukta ilipo, maana wengine hawaioni. Ataniacha hapa asubuhi kama leo. Basi la Ludewa linapita asubuhi hiyo hiyo. Nauli ninayo, ni zile hela za chai alizokuwa akiniachia nami, ukiacha ile chai moja ya Njombe, nikawa nakunywa maji. Nilimwambia Rehema mkweo atakuja kumfokea. Akasema amezoea kufokewa na wateja, huyu angalau atakuwa na sababu.

Sasa Mama, neno ninalotaka kutoka kwako. Pasaka nilipokuja, Baba alisema mbele ya mkweo, "Huyu ni wako, usimrudishe hapa bila sababu." Wewe ulitazama chini. Sikulaumu. Najua mabati unayolala chini yake yametokana na mahari yangu, na najua Baba hana cha kurudisha akidaiwa. Nimeliwaza hilo usiku na mchana, na kila nikiliwaza najiona nimefungiwa kotekote, huku kwa kufuli, huko kwa mabati. Lakini mimi ni mwanao bado, na nakuomba useme wewe, si Baba.

Barua hii Rehema atampa kondakta wa basi la Ludewa kesho, Ijumaa mchana utakuwa umeipata. Namba ya duka iko nyuma ya bahasha. Chukua simu ya Baba, piga hata kama amekaa hapo karibu, umwambie umesikia televisheni zimeshuka bei. Rehema atapokea, naye ataniambia Jumamosi asubuhi nikifika. Ukiuliza kama wana ya inchi thelathini na mbili ya kutumia sola, nitajua umesema nije. Ukiuliza ya inchi arobaini na tatu, nitajua umesema nisije. Usiongeze neno lingine, na usilie kwenye simu.

Nisalimie Bibi, mwambie asilale bila soksi. Shangazi Veneranda aliyenifundisha kufuma, mwambie sweta la kijani bado nalivaa, na ndilo nitakalovaa Jumamosi. Kosta, mdogo wangu, ahudhurie shule na aache kumjibu Baba. Baba naye msalimie siku itakayofaa. Leo usimwambie nimeandika.

Usidhani nakuomba ruhusa ya kuondoka. Kuondoka nitaondoka. Basi hilo linapita Njombe kabla ya kufika kwetu, na Njombe naweza kushuka, nikatafute pa kuanzia peke yangu. Ila kondakta ataniuliza ninaenda wapi, na ningependa kujua nimjibu nini.

Mwanao,
Imelda