Orodha ya Zaituni Imekwama Ndani ya Kompyuta

Shelui, Alhamisi, katikati ya mwezi wa tisa

Zaituni,

Upepo leo umeanza mapema. Vumbi linatoka barabarani, linapita chini ya mlango na kukaa kila mahali, hata ndani ya sukari. Sina huzuni kubwa leo. Nina hasira kidogo, ile ya mtu mwenye kazi.

Kompyuta mpakato yetu imekuwa ikijizima. Nikiiwasha inakaa kama dakika ishirini, bado inajifungua taratibu na orodha haijatokea, halafu giza, bila onyo. Ni wiki ya pili sasa.

Ungekuwapo ungeulizia kwanza orodha yako. Iko humo ndani: majina ya watoto wote uliowapokea kwa mikono yako, siku waliyozaliwa na jina la mama. Daftari lako lilipoanza kuliwa na mchwa ulinisomea, mimi nikachapa kwa vidole viwili huku ukinicheka. Daftari halipo tena, na nakala nyingine sikutoa. Hilo ni kosa langu.

Jumatatu alikuja Mama Neema. Anataka tarehe ya kuzaliwa ya Neema ili amwandikishe darasa la kwanza, na cheti hana. Nilimwambia aje Ijumaa.

Ijumaa ni kesho.

Jumanne nilipanda basi hadi Singida mjini kwa fundi. Akaiwasha, ikazima, akasema, "Mzee, madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa. Pole sana. Niachie nitoe vipuri."

Nikamwambia, "Pole nimeshapewa nyingi mwaka huu. Nipe kompyuta yangu."

Akacheka, kisha akaona kitu usoni kwangu, akanirudishia. Akanipa sidii yenye programu ya kupima, akanielekeza namna ya kuiwasha. Programu hiyo inapima kifaa kimoja kimoja na kuandika kama kimepita au kimeshindwa.

Jana nilianza na memori. Dakika ya kumi na nane, giza. Nikasema nimempata mwizi. Nikatoa kadi moja ya memori, nikarudia. Giza. Nikairudisha, nikatoa ya pili. Giza. Kila kitu niliandika kwenye karatasi, maana siamini kichwa changu tangu uondoke.

Leo asubuhi dada yako Mwajuma alikuja kunifulia. Alinikuta nimeinama mbele ya kioo cha kompyuta, midomo inahesabu dakika.

"Shemeji, unaitengeneza au unaisomea dua?"

"Vyote viwili."

"Basi inua, nifue na hiki." Akavuta kitambaa chako cha pinki ulichokifuma, kile kinachokaa chini ya kompyuta na pembe zake kuifunika. Nilitaka kumkatalia, nikaona aibu.

Kipimo kikaendelea. Dakika ishirini. Arobaini. Saa nzima. Memori imepita. Diski nayo imepita.

Saa saba kitambaa kikawa kimekauka, nikakirudisha mahali pake. Dakika ya kumi na sita, giza.

Nikakaa nikakitazama kitambaa.

Kisha nikapima feni peke yake. Programu ikaandika kwa herufi nyekundu kwamba haizunguki vizuri. Nikafungua kifuniko cha feni, upande wa chini, kwa bisibisi ya cherehani yako. Ndani kulikuwa na vumbi limesokotana na nyuzi za pinki, nene kama kipande cha godoro. Nikalitoa kwa kibano na mswaki, polepole, hadi feni ikaimba.

Zaituni, mimi ni mjinga wa mwisho. Kila nilipotaka kuandika ulikuwa unakuja, unainua kompyuta, unakunja kitambaa mara nne na kukiweka juu ya redio. Nilidhani hutaki nikichafue, kumbe ulikuwa unaiachia kompyuta ipumue. Tangu tukuzike sijaweza kukikunja. Nilikiacha kama ulivyokitandika, nikawa nawasha juu yake. Miezi mitano.

Naandika haya kwenye kompyuta hiyo hiyo, saa ya pili sasa, haijazima. Kitambaa kiko juu ya redio, kimekunjwa mara nne. Orodha nimeinakili kwenye flashi mbili, moja ataishika Mwajuma. Kesho asubuhi, kabla Mama Neema hajafika, nitaichapisha yote kwenye karatasi.

Neema nimemwona kwenye orodha. Alizaliwa Jumapili, mvua kubwa, mama yake aliletwa kwa baiskeli. Pembeni uliniambia niongeze: "Alipiga chafya kabla ya kulia." Nilikuwa nimesahau kabisa. Kesho nitamwambia mama yake na hilo pia.

Uliwakumbuka wote hawa, mmoja mmoja, na siku zao.

Nikumbuke na mimi.