Albamu Isiyokuwepo Imemfanya Marehemu Mume Wangu Mwizi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini nakuambia mapema kabisa kwamba sikuombi unifundishe kupiga magoti, maana hilo binti yangu ameshanishauri na nimemkatalia.

Mimi ni fundi wa mapazia, mjane, huu mwaka wa tatu, na ninapenda jazi, ndiyo, jazi, mwanamke wa umri wangu, cheka umalize tuendelee. Kila Jumapili alasiri kinyozi wa mtaani kwetu akishafagia nywele na kufunga mlango wa mbele, tunakusanyika watu saba mle dukani kwake, tunakalia vile viti vyake vya kuzunguka na benchi la wateja, na kila mmoja anaulizwa swali moja tu, wiki hii unasikiliza nini, naye anataja albamu na kueleza imemfanya nini, na sheria yetu ni kwamba huruhusiwi kutaja albamu usiyoisikiliza mwanzo hadi mwisho ndani ya wiki hiyo, na kama huna albamu unakaa kimya mpaka tutawanyike, hata kama una la kusema juu ya za wenzako. Mume wangu ndiye aliyeanzisha jambo hilo, yeye na kinyozi na mwalimu mkuu mmoja ambaye sasa amestaafu, na alipofariki mimi nilirithi santuri zake, gramafoni yake na kiti chake, cha tatu, kile cha karibu na ukuta, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia, mshauri, kwa sababu kwao mimi si msikilizaji, mimi ni shemeji anayelinda kiti.

Mwalimu Mkuu, maana bado tunamwita hivyo, hajawahi kuniacha nimalize sentensi mbili. Nikisema saksafoni imelia, yeye, "Hapana shemeji, ile si kulia, ile ni kuuliza." Nikisema piano imechelewa kuingia, yeye, "Marehemu angekueleza vizuri." Miaka mitatu nameza tu, na mimi kumeza sikulelewa nako.

Basi mwezi uliopita mkanda wa gramafoni ukakatika, fundi akasema mpya mpaka uagizwe, nikajaribu kushona wangu kwa mpira wa kiunoni wa sketi, tarumbeta ikatoka na sauti ya mbuzi mwenye mafua, nikaacha. Jumapili ya kwanza nikakaa kimya, ya pili nikakaa kimya, ya tatu kinyozi akaniruka kabisa, hakuniuliza hata kwa adabu, akatoka kiti cha pili akaenda cha nne kana kwamba pale katikati limetundikwa koti, na mshauri, duka la kinyozi lina vioo pande zote, nikajiona katika vyote nimekaa nimefumba mdomo, damu ikanichemka, nikasema, "Mimi hamjaniuliza. Mimi wiki hii nasikiliza Paa Linavuja."

Hakuna albamu inayoitwa hivyo. Niliitunga palepale. Wiki ile paa la chumba changu cha kazi lilikuwa linavuja kweli, nimetega ndoo katikati ya vitambaa vya watu, kwa hiyo nikawaambia ni albamu ya zamani ya wanamuziki wanne, walirekodi siku ya mvua kwenye chumba kinachodondosha maji, na katika wimbo wa pili mpiga ngoma anaweka vijiti chini, anapiga kwa vidole akilifuata lile tone, na mwenye tarumbeta anasubiri, anasubiri, mpaka unatamani kumwita. Duka zima kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nifiwe nilimaliza maneno yangu yote. Halafu Mwalimu Mkuu akakohoa, akasema, "Si vidole, shemeji. Ni vifagio, vile vya waya vya kupigia ngoma. Albamu hiyo ninayo tangu ujana wangu." Na kinyozi naye akaitikia kwa kichwa, akasema tarumbeta ile iliwahi kumtoa machozi!

Nilitaka kucheka nikajizuia, na laiti ningecheka. Jumapili iliyofuata fundi saa, ambaye ni mgeni kwetu na ana njaa ya kusikia kila kitu, akamwomba Mwalimu Mkuu atuletee tuisikilize, naye bila kupepesa macho akasema, "Ningeileta, lakini nilimwazima marehemu, na marehemu, Mungu amrehemu, kurudisha vitu vya watu kwake ulikuwa mtihani." Wakaguna. Fundi saa akanitazama kupitia kioo. Kinyozi akasema kumbe ndiyo maana shemeji anayo. Tangu siku hiyo wawili wamekuja kwangu, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kuniuliza kama kwenye rafu za marehemu hamna na santuri zao, yaani mume wangu, mshauri, mume wangu ambaye akiazima santuri ya mtu alikuwa anairudisha imefutwa vumbi na imevishwa mfuko mpya wa kitambaa ambao nimeushona mimi kwa mikono hii!

Sasa nikisema ukweli, nimevunja sheria ya mume wangu mwenyewe na watanitoa, na Jumapili ile ndiyo kitu pekee kwenye wiki yangu ambacho si kazi wala si kilio. Nikinyamaza, mume wangu analala kaburini akiitwa mwizi. Binti yangu anasema, "Mama, muombe mzee radhi yaishe." Simwombi radhi Mwalimu Mkuu hata jua likichomoza magharibi. Nifanye nini?

Fundi wa Mapazia, Kiti cha Tatu

*

Fundi wa Mapazia, pole. Nilicheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini, halafu nikafika pale kwa marehemu, kicheko kikaniishia.

Tuanze na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika. Ulidanganya. Usiniletee habari ya damu kuchemka, ya kila mtu huchemka na hatungi albamu. Ulikuwa na mdomo, ungesema, "Mmeniruka, na sheria hii ya kukaa kimya ni mbovu." Sheria kuwekwa na mumeo hakuifanyi kuwa msahafu. Badala yake ukafungua mlango kwa uongo mdogo, na mwenzio akapita humo na uongo mkubwa. Maji umeshayavulia nguo, mama, yaoge.

Lakini nisikilize. Uongo wako ulimsingizia nani? Ndoo. Uongo wa Mwalimu Mkuu umemwangukia mtu asiyeweza kuinuka akajibu. Asiyekuwepo na lake halipo, na huyo mstaafu msemo huo anaujua vizuri kuliko anavyoijua jazi. Kwa hiyo hapana, magoti hupigi. Binti yako anakupenda, ila katika hili amekosea mtu wa kuombwa radhi.

Jumapili hii unakwenda. Usimpigie Mwalimu Mkuu simu kabla, usimvute pembeni, ukimpa nafasi atakuja na hadithi nyingine iliyoshonwa vizuri zaidi. Jina la mumeo limechafuliwa mbele ya watu, litafuliwa mbele ya watu haohao. Usingoje kuulizwa. Simama useme hivi: "Paa Linavuja haipo. Niliitunga mimi, hapa, kwenye kiti hiki, siku mliyoniruka. Nimevunja sheria na kosa ni langu. Na kwa kuwa albamu haipo, hakuna aliyewahi kuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumwazima mume wangu." Basi, funga mdomo. Neno mwongo usilitamke, wala usimtazame mtu. Vioo vya kinyozi vitamtazama kwa niaba yako.

Radhi unayo ya kuomba, na ni kwa fundi saa. Yeye peke yake kati yenu wote, badala ya kudai kuijua, aliomba kuisikia. Mtu wa namna hiyo hadanganywi. Mwambie pole, na mkanda ukifika mwalike asikilize kitu cha kweli.

Unaogopa kutolewa? Nani akutoe? Kinyozi aliyelia machozi ya albamu ya hewa? Mstaafu aliyeinunua ujanani? Wakifuata sheria itabidi mtoke watatu, wabaki wanne kwenye duka ambalo mwenyewe amefukuzwa. Na tukifika huko, santuri ziko kwako, gramafoni iko kwako, na chumba cha kazi unacho, kinachohitaji tu mtu wa kuziba paa. Jumapili haina hatimiliki.

Wale wawili waliokuja kunong'ona, waite mchana kweupe waje wapekue rafu mpaka wachoke. Wakitoka mikono mitupu, wape kila mmoja mfuko wa kitambaa wa kuvalishia santuri, ili wakumbuke walikuwa wanamzungumzia nani.

Jambo moja zaidi nakulazimisha ulisikie. Uliketi wiki nzima na ndoo, bila gramafoni, ukalisikiliza tone la maji kwa makini kiasi kwamba ulipolieleza watu sita walinyamaza. Anayelinda kiti hawezi hilo. Wewe ni msikilizaji, na pengine ulikuwa msikilizaji tangu mumeo yuko hai, ila wakati huo kiti kilikuwa kimoja. Mwisho wa barua yako hukuandika kiti cha marehemu. Umeandika Kiti cha Tatu. Ni chako.

Kwa hiyo ukishamaliza kusema, kikalie. Vizuri, mgongo wote. Na kabla hajakohoa mtu, uliza wewe lile swali, wiki hii mnasikiliza nini, na uongeze sheria mpya kwamba kuanzia leo kila mtu anakuja na albamu yake mkononi. Hapo ndipo ukizungushe kiti, umtazame Mwalimu Mkuu usoni, umwambie kwa heshima zote, "Tuanze na wewe, shemeji."