Ng'ombe wa Kwenye Gemu

Dada Monika,

Mwangaluka! Mdogo wako ni mzima, na uzuri wangu bado unaisumbua Bariadi. Pamba imeota. Baba kapata miwani, sasa anatuona tulivyo wabaya.

Ile gemu niliyotengeneza na wenzangu wa kampuni ya Dar imetoka. Ng'ombe wote humo nimewachora mimi, mtu wa kidato cha pili, na wanatembea mpaka unataka kuwapigia mluzi! Nikajaza watu kwenye banda la gemu, baba nikamkalisha mbele, tungoje majina ya waliofanya kazi, yale yanayopita mwishoni. Yakapita. Mpishi yumo. Mbwa wa ofisini yumo. Mimi simo.

"Kaka, hata mbwa kakushinda!" kijana mmoja akapaza sauti, banda zima likacheka. Nilicheka kuwazidi.

Nikawapigia simu wale wa kampuni. Wakasema aliyeondoka kabla gemu haijatoka haandikwi, ndiyo utaratibu wao. Nami niliondoka kuja kumuuguza mama. Usijilaumu kwamba hukuja, mmoja alitosha.

Kampuni ya Nairobi niliyoomba kazi nayo imelitafuta jina langu mle, haikuliona. Wakajibu wanataka watu wakweli.

Basi napalilia na baba. Zamani akiulizwa habari zangu alijibu, "Masunga anachora ng'ombe wanaotembea." Jana mzee Mwandu kapita, kamuuliza kijana alikuwa anafanya kazi gani mjini. Baba akanitazama kidogo.

"Alikuwa Dar tu," akasema, akainamia jembe.

Wabusu wanao, wajomba zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Masunga