Nilichomoa Waya Sasisho Likiwa Njiani, Sasa Dada Anafungasha

Mpendwa mshauri wetu, Bibi, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka nimalize, nikishamaliza cheka utakavyo. Mimi ni fundi saa, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, na tangu utoto wangu kitu kikifungwa mbele yangu situlii mpaka nijue ndani kuna nini, na tabia hiyo imenilisha kwa miaka yote na wiki hii imeniponza.

Mke wangu ni fundi nguo, anashonea hapahapa nyumbani, chumba cha mbele, ana cherehani mbili na kompyuta anayochorea vipande vya nguo kabla ya kukata, na kompyuta hiyo inaendeshwa na Linux badala ya Windows waliyoizoea wengi, ndivyo alivyouziwa, na wanaelewana. Sasa kila asubuhi hutokea kidirisha kinachosema masasisho yako tayari, na yeye hubonyeza "Baadaye", miezi minne mfululizo anabonyeza "Baadaye", na mimi nikipita nyuma yake naumia, maana nataka kujua hayo yaliyo tayari ni nini. Alishaniambia kwa kinywa chake, "Baba watoto, hii usiiguse mpaka nimalize sare za wauguzi," sare arobaini, kila muuguzi na vipimo vyake, vyote vimo humo, na mahafali yao ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumanne mchana akaenda kununua vifungo. Dada yangu mkubwa, ambaye tunaishi naye, alikuwa anacheza karata kwenye hiyo kompyuta, akachoka, akaenda kuanua nguo, nikabaki mimi na kidirisha. Bibi, nilibonyeza. Mistari ikaanza kushuka, majina ya ajabu, asilimia ishirini, asilimia arobaini, nikavuta kiti, nikawa na raha kama mtu aliyefungua saa ya ukutani kwa mara ya kwanza, na ilipofika sitini na kitu nikasikia sauti ya mke wangu nje anaagana na jirani, hofu ikanishika, sijui hata ya nini, nikachomoa waya ukutani, nikaifunika kompyuta na kitambaa chake, nikashika mkasi kama mtu aliyetumwa kukata.

Alipoiwasha iliwaka vizuri, ikafika mpaka pale pa kuandika neno la siri, saa ya juu inatembea dakika kwa dakika, lakini kibodi ukibonyeza kimya, kipanya ukisukuma mshale umesimama katikati kama umepigiliwa msumari. Tukabadilisha matundu ya waya, tukaazima kibodi na kipanya kwa mwalimu wa jirani, kimya vilevile, na tulipovirudisha kwake vikafanya kazi. Mke wangu akauliza, "Nani aliigusa mwisho?" Dada akasema, "Mimi nilicheza karata tu, tena nikashindwa." Mke wangu akasema, "Wifi, sikulaumu, lakini kabla yako ilikuwa nzima." Na mimi, Bibi, nikasema, "Labda kuna kitu alibonyeza bila kujua."

Dada akanitazama, akasema, "Basi vidole vyangu vina sumu," akaingia chumbani, na tangu siku hiyo anafungasha. Jumapili anahamia kwa rafiki yake wa zamani. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, alinibeba mgongoni na yeye mwenyewe ana miaka kumi na mmoja.

Nimefikiria niitengeneze kwanza, ikiwaka nikae kimya, dada atatulia mwenyewe. Au niitengeneze ndipo niseme. Au niseme kwanza, nayo bado imekufa? Na kuna jambo jingine linanikosesha amani karibu sawa na hilo la dada, Mungu anisamehe. Kompyuta tangu hapo ikiwaka huanza na ukurasa mweusi wenye mistari michache, na pale mishale ya kibodi inafanya kazi, napanda, nashuka, lakini tukifika kwenye neno la siri kibodi hiyohiyo imekufa. Kitu kinaishije pale kikafa hapa? Barua nimeileta kwa mkono wangu hapo mapokezi ya gazeti lenu ili iwahi.

Ni mimi, Fundi Saa

*

Marahaba, baba. Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nilipofika kwenye "labda kuna kitu alibonyeza bila kujua" kicheko kikanikauka mdomoni.

Nianze na hilo linalotuwasha wote wawili, maana nakujua, nisipolijibu hutanisikiliza kwa lingine. Mimi shule sikukanyaga, ila najua kwamba maiti haitembei jikoni ikalala sebuleni. Swali lako lilinikalia kichwani siku nzima. Nikamwendea fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, binti mmoja ambaye chai yake hupoa mezani kila siku, nikamwambia nieleze. Akasema, "Bibi, ni mambo marefu." Nikamwambia mimi nimezaa watoto tisa, marefu nayajua. Akacheka, akazima mashine yake na kuiwasha tena ili nione kwa macho yangu. Ule ukurasa mweusi ulikuja, akanipa kibodi, nikashuka mstari, nikapanda mstari. Nakuelewa, baba. Ni tamu.

Akasema ukurasa ule hutokea kabla Linux haijaamka. Pale kompyuta inatumia akili yake ya kuzaliwa, na kibodi inaijua. Baada ya hapo kinakuja kitu wanachokiita kiini, ndicho kinachoshika usukani wa mashine nzima, na kila kiini huja na mfuko wa vifaa vyake: hiki cha kuzungumza na kibodi, hiki cha kipanya, hiki cha sauti. Wewe umeita kiini kipya, kikafika mlangoni, mfuko ukiwa bado njiani ukachomoa waya. Nikamwambia binti, kumbe ni mkunga aliyekuja bila mkoba, mama yupo, mtoto yupo, wembe na uzi hamna! Akasema, "Hivyohivyo, Bibi." Kwa hiyo kibodi yako haijafa, na ya mwalimu ingekuwa kumi isingesaidia. Aliyepo usukanini hana cha kuzisikia nacho.

Sasa sikia kilichonifurahisha. Hiyo Linux ina adabu kuliko wewe. Ikileta kiini kipya haimfukuzi wa zamani, inamweka pembeni, akihitajika anaitwa. Kwenye ukurasa mweusi shuka hadi mstari wa machaguo ya ziada, ulioandikwa Advanced options, bonyeza Enter. Utaona viini vimepangwa kwa namba. Chukua chenye namba ndogo, kisicho na neno recovery, yaani uokoaji, mwishoni. Hicho mfuko wake umekamilika, kwa hiyo kibodi na kipanya vitaamka. Usishangilie. Chomeka flashi, mkeo anakili sare zake zote kwanza. Ndipo mmalize ulichokikatiza. Fungueni dirisha la amri, lile liitwalo Terminal, muandike mstari huu kama binti alivyouandika, msipunguze hata kistari:

sudo dpkg --configure -a

Itaomba neno la siri. Mtaandika na hamtaona herufi hata moja, usipige kelele kwamba kibodi imekufa tena, ndivyo ilivyo. Mngoje mpaka iseme yote na kunyamaza, kisha muizime kwa njia yake. Ukutani usiguse. Kiini cha zamani nacho kikigoma, ingieni kwenye ule mstari wenye recovery, mtakuta chaguo la kutengeneza vifurushi vilivyovunjika. Hilo likishindikana ibebeni mje nayo kwa binti. Nimeshamwambia, na atawapokea.

Umeona nimesema "muandike", "mngoje"? Neno la siri ni la mkeo, si lako. Jumanne ulikuta mashine imeshafunguliwa, leo imefungwa. Huwezi kufika kwenye kompyuta hiyo bila yeye kukaa kwenye kiti. Basi ile njia yako ya kutengeneza kimyakimya haipo, mashine yenyewe imeikataa, na mimi nisingekupa hata ingekuwepo. Fikiria kidogo: ikipona bila wewe kusema, dada yako ataondoka nyumbani kwako akiwa ni mtu aliyeharibu kazi ya wifi yake, na atakufa na hilo. Kompyuta ina kiini cha akiba. Wewe dada wa akiba unaye? Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikubeba mgongoni, na siku ya wewe kubeba aibu yako mwenyewe, umemtwisha yeye.

Udadisi si dhambi, mwanangu. Ningekuwa na kidirisha mbele yangu miezi minne ningebonyeza siku ya pili. Kosa si kubonyeza, wala hata waya si kosa kubwa sana. Kosa ni ule mkasi ulioushika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mashine, mwite mkeo, mwite dada, wakae wote wawili. Usianze na "kuna jambo limetokea", halikutokea, umelifanya. Sema, "Mimi nilisasisha, mimi nilichomoa, mimi nilikusingizia." Kwa mpangilio huo. Watakachokwambia kipokee, kitakuwa kikali. Kisha nenda chumbani kwa dada yako, utoe nguo zake kwenye sanduku moja moja, kwa mikono yako, na kama atazirudisha, uzitoe tena.

Hapa ofisini waliniomba nibadilishe barua yako kidogo, niseme wewe ni seremala na mkeo ni mpishi, ili usijulikane. Nimekataa. Fundi saa ni fundi saa, na sare arobaini ni sare arobaini. Gazeti liko mitaani tangu saa kumi na mbili asubuhi ya leo Ijumaa, na wanaoanzia ukurasa huu ni wengi, hasa wanaoshona. Kama umefika hapa na bado hujasema, liweke chini. Watu wako wako chumba cha pili. Nenda sasa hivi, mwanangu, wakusikie kwa mdomo wako kabla hawajakusoma.

Bibi yako