Tangazo Linalosema Kesho

Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa dukani, kwenye kiti chako kile kinachoyumba. Kiseke kumeamka na mvua, wateja hakuna, nami nimeshindwa kuchapa tangazo dogo tu la kusema nafunga, nakwenda Bujora kumwona mama yako.

Unakumbuka ulivyojisifu ulipotengeneza violezo vyetu vya mialiko na matangazo? Mtu asihangaike na tarehe wala saa, ulisema, makro, ile amri uliyoiandika ndani yake, inasoma saa ya kompyuta na kujaza yenyewe. Ikajaza kweli. Kwenye mwaliko wa kipaimara cha Neema ikaandika saa 10:00 ya Kizungu, mama yako akafika alasiri, watu wameshakula wakamaliza. Alikununia hadi Pasaka. Ukakaa ukaifundisha kupunguza saa sita, iandike saa nne asubuhi kama watu.

"Njoo uone, mama Neema, ni rahisi."

"Nione ya nini, na wewe si upo?"

Ningejua, ningevuta kigoda.

Siku kifua kilipokubana, ulichapa tangazo la mlangoni kabla hatujaenda hospitali: "Nimetoka kidogo. Nitarudi kesho, Jumanne." Ile Jumanne makro iliihesabu yenyewe, siku moja mbele ya leo. Hukurudi. Karatasi niliibandua baada ya mazishi, ila faili limebaki, na kila nikilifungua linasoma saa na kuongeza siku moja. Jana lilisema unarudi Jumatano. Leo limesema Alhamisi. Sikufichi, nalifungua kila asubuhi hata kabla ya kufagia. Naumia, halafu kesho yake nafungua tena.

Juzi Neema alinikuta nalo. Alinionyesha tu: unafuta ile amri, unaandika tarehe mwenyewe, basi, haisogei tena. Ni rahisi kweli. Lakini nilitaka nifundishwe na wewe, mkono wako juu ya wangu kwenye mausi, unanicheka. Hilo nililikataa mwenyewe, na halirudi.

Basi leo nimefuta. Nimeandika Jumanne ile, na tarehe yake. Nikafunga faili, nikalifungua: Jumanne ile ile. Nimelia, mume wangu, wacha nikwambie.

Tangazo langu nimeliandika kwa kalamu. Nimesema nitarudi kesho, na mimi nitarudi.

Lala salama.

Mkeo,
Mama Neema