Munungwe Wangu Ameacha Kunichokoza

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa sita

Dawa asubui. Odia, binti yangu, anahesabu matone sawa anahesabu almasi. Baridi. Vumbi ya malori imeingia hata mu shuka. Kansere ya titi imefika mu mifupa, dokta alisema sasa tutatuliza maumivu tu. Nilifundisha miaka makumi tatu. Najua maana ya "tu".

Tata Kalenga alikuya. Ni munungwe wangu: ukoo wake na wetu banataniana tangu bankambo. Miaka yote anasema bukari yangu ya unga wa mahindi iko na mabonge, ni ya kujengea nyumba. Leo alivua kofia, akasali, akakula. "Bukari iko muzuri, Mama."

Niliogopa kuliko siku ya dokta.

Siku ya tatu, tarehe 5

Nilimugombeza Odia juu ya chumvi. Akaomba musamaha. Zamani angenijibu, na mulango angeupiga! Bote banaongea na mi pole pole. Nimekasirika.

Siku ya ine, tarehe 6

Nilimuita Tata Kalenga. Nilimwambia: siku ya matanga yangu wewe njo utavaa kikwembe yangu ya kitenge, utatembea sawa mi, bantu batacheka, sawa kila munungwe anafanya. Nataka kuona. Leo.

Akakataa. "Mama, ile ni ya matanga. Nikiifanya sasa, ni mi nakuita ku kaburi." Akatoka mbio, akasahau kofia.

Nililia. Kufa naweza. Kukaa hivi, sawa picha ya ukutani, siwezi.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 8

Odia alienda kumuona Tata Kalenga pale anauzisha makala ya kupikia ya kutoka Mutshatsha. Alimwambia nini, sijui.

Tata Kalenga alikuya kuchukua kofia. Kikwembe yangu ilikuwa pa kamba, inakauka. Akaifunga. Akaokota kijiti. Matako nyuma, shingo mbele: "Wewe kule! Unatafuna nini?" Ee Mungu wangu, ilikuwa mi! Odia alicheka mpaka akakaa chini. Mbavu ziliniuma, nikamwambia endelea.

Kisha akajibanza nyuma ya mulango. Akatoa kipande ya bukari mu kikwembe, akapa mutoto asiyeonekana, akiangalia huku na kule sawa mwizi.

Nilizania hakuna muntu aliona.

"Mutoto wangu alikula ile bukari ku masomo," akasema. "Mwaka muzima."

Nililia tena. Hii kilio ilikuwa ingine.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Bengine bote ku misa. Tata Kalenga alibaki na mi. Anahangaika: michezo yote ameimaliza, pa matanga atafanya nini?

"Utalia," nikasema.

"Munungwe halii, Mama."

"Wewe utalia."

Akaangalia ndani ya kofia yake.

Siku ya mbili ya juma, tarehe 11

Maumivu kidogo leo. Nilisonga bukari mi mwenyewe, nimekaa, Odia akishika nyungu. Mikono ilichoka mbio. Alisema nasonga vibaya. Nikamwambia afunge kinywa. Hakufunga.

Tata Kalenga alinawa. Akakata tonge, akalizungusha, akaliangalia mu mwangaza wa dirisha. Nilingoja.

"Mabonge," akasema. "Hata leo, Mama! Hata leo!"

Akakula yote. Akaomba ingine.