Simu ya Mama Kwenye Mtandao wa Jirani

Kaka mpendwa,

Natumaini u mzima, pamoja na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, ila magoti ya Mama ndiyo yaleyale.

Simu uliyomtumia imefika. Tatizo ni kwamba laini uliyomwekea ni ya kampuni unayotumia wewe, na hapa nyumbani mtandao wao ni wa kuombea dua: picha inakwama, unabaki umeachama. Wenye mnara karibu nasi ni kampuni nyingine. Mama akasema hahamii huko mpaka ajue kama simu itakubali kupiga kwa picha. Nikamwambia sauti inatosha. Akanitazama kwa jicho lile unalolijua.

Tukaenda kwa fundi, mtu mwenye haraka zake. Akasema simu haijafungwa kwa mtandao mmoja, akachomeka laini ya mtandao ule pamoja na spika za masikioni, akapiga, akasikiliza, akasema kazi imekwisha. Mama akakataa katakata. Akamtaka avuke barabara na simu yake nyingine, apige kwa picha, aeleze anachokiona. Fundi alinung'unika, lakini nani anamweza Mama yetu? Alivuka. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akanihadithia: kuna makopo ya rangi, mwanamke anagombana na muuzaji, na fundi ana njaa. Fundi aliporudi akakiri kwamba yote aliyasema.

Nilipoichukua simu ndipo nikaona zile spika bado zimechomekwa, zimelala mezani. Sauti yote ilikuwa imeishia humo.

Njiani nilimbana mpaka akasema. Kaka, Mama hasikii tena. Mashine za kiwanda cha nguo zimemmaliza masikio. Lakini kwenye kelele zilezile wanawake wa kiwandani walizoea kuzungumza kwa midomo tu, na hivyo ndivyo anavyotusoma. Mimi ninaishi naye na sikujua! Nilimwonea fahari hadi machozi yakanitoka.

Kwenye simu ya sauti alikuwa anabahatisha. Ndiyo maana ulipomwambia umelazwa alikujibu, "Vizuri sana, mwanangu," nawe ukanuna miezi.

Alinikataza nisikuambie; nimeshakuambia. Laini tumehamisha, picha ni safi. Ukipiga, kaa penye mwanga, na hayo masharubu yapunguze. Anataka kukuuliza siku ile ulimwambia nini.

Msalimie wifi, wabusu watoto.

Ni mimi,
kitindamimba wenu